Kisanduku Cheupe cha Kurekodia

Uiseong, 2 Mei 2017

Kaka Hyeon-o mpendwa,

Malengelenge ya miguu yamepona? Huko jeshini mnakula mkashiba, au bado unaota supu ya Bibi? Sisi tu wazima. Bibi anashinda shambani na kina Bibi Tak wakichomoa mabua ya vitunguu saumu, na mikono yake inanuka hata akishaoga.

Nina shida. Ile shule ya uimbaji ya mjini Daegu inataka wimbo mmoja na maneno machache ya kujitambulisha, vifike kabla Mei haijaisha. Wasiponichukua, ni kiwanda cha kufungasha vitunguu. Laptopu na maiki ulizoniachia ninazo. Kimebaki kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye laptopu. Dukani kuna viwili vya bei nafuu: cheupe, kidogo, kizuri, na cheusi, kizito, bei imezidi kidogo. Nichukue kipi? Naona haya kumuuliza muuzaji. Ni kijana wa rika langu na anachekacheka.

Mdogo wako,
Nabin

Kambini, 14 Mei

Mdogo wangu Nabin,

Barua yako imenifurahisha mpaka koplo akauliza kama ni ya mchumba. Mimi mzima, ila pua imeungua jua. Mwambie Bibi nakula.

Chukua cheusi, kama kina kitufe kilichoandikwa 48. Maiki yangu haisikii kitu mpaka kisanduku chenyewe kiilishe umeme. Bila kitufe hicho utaimba ukauke koo bure. Rangi isikudanganye. Na muulize muuzaji, haumi! Barua zetu hukaa sana ofisini; hii ikichelewa, usininunie.

Kaka yako,
Hyeon-o

Uiseong, 23 Mei

Kaka,

Natumaini u mzima. Mimi sijui nisemeje.

Barua yako imefika leo. Nilikuwa nimeshanunua cheupe. Hakina kitufe hicho. Niliimba mbele ya maiki yako, laptopu ikakaa kimya, na kukirudisha dukani nikaona haya.

Basi nikaenda ukumbi wa kijiji, kwenye kile chumba ambamo Mwenyekiti Kwak hutangazia. Maiki yake imeshikamana na amplifaya palepale, na haihitaji kulishwa. Nikavuta waya kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye kisanduku changu, nikapunguza sauti ya spika ya chumbani mpaka mwisho. Sikujua kwamba vipaza sauti vya nje, vile vya juu ya nguzo, vina swichi yao. Mwenyekiti alikuwa ametangaza asubuhi lori la mbolea, akaiacha imewashwa.

Kuimba tu ningevumilia. Lakini nilijitambulisha. Nilisema hivi: "Naishi Daegu. Marehemu bibi yangu, mwalimu wa muziki, ndiye aliyenifundisha kuimba." Nilidhani wale wa shule watanihurumia. Nikarudia na kurudia, mara kwa huzuni, mara kwa tabasamu, nikitafuta sauti inayofaa. Kijiji kizima kilisikia, na mashamba yote.

Nilipotoka, Bibi Tak alikuwa barabarani na kapu lake. "We binti, bibi yako kafa lini? Mbona mimi mwenzake sikuitwa mazishini?" Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Bibi yetu alikuwa nyuma yao. Yeye hakucheka.

Jioni alinitengea chakula. "Karibu, mgeni wa Daegu. Wali wa marehemu utaweza kuula?" Kisha akaenda kulala bila kula.

Kaka, nifanye nini? Siwezi hata kupita uani.

Nabin

Kambini, 27 Mei

Nabin,

Nimemwomba koplo barua hii itoke leo.

Nimecheka, halafu nikakumbuka Bibi hakucheka. Hili siwezi kukusaidia. Usimwombe msamaha kwa kupitia kwangu.

Kaka

Uiseong, 31 Mei

Kaka mpendwa,

Habari za huko? Bibi anakusalimu. Ndiyo, tunaongea.

Nilimfuata shambani mbele ya wote, nikapiga magoti kwenye tope, na maneno yakagoma kutoka. Bibi Tak akasema, "Juzi sauti ilikuwa kubwa!" Bibi akamwambia, "Wewe nyamaza, hukuitwa." Nikasema kwamba nilimwonea haya, na kwamba sasa najionea haya mimi. Bibi alimaliza mstari wake, akanawa, akasema, "Twende. Mwezi unaisha."

Ukumbini aliizima mwenyewe ile swichi ya nje, akatoka hadi barabarani kuhakikisha, akaketi nje ya mlango kuwazuia watu.

Niliimba. Kisha nikasema: "Naitwa Pyo Nabin. Naishi Uiseong na bibi yangu, mkulima wa vitunguu saumu. Yuko hapo mlangoni." Nje akakohoa, kikohozi kirefu, kama mtu anayezuia kitu kingine. Kwenye laptopu kinasikika vizuri sana.

Sikurudia. Nimeituma hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Nabin