Mume Wangu Alibadilisha Bastola Yangu Bila Kuniuliza

Bi Verna,

Nakuandikia nikiwa garini nje ya maktaba, maana nyumbani siwezi kuandika mstari bila mume wangu kuchungulia, na naomba unishauri kabla sijafanya jambo nitakalolijutia.

Nina miaka hamsini na tisa na kazi yangu ni kuzunguka mashambani kuwahudumia wazee majumbani mwao, nawaogesha, nawapa dawa, nawapikia, na mwezi wa tatu mwanamume mmoja mwenye pikapu nyeupe akaanza kunifuata, mara ya kwanza nikajiambia ni njia moja tu tunapita, mara ya tatu akasimama getini kwa mteja wangu akawa ananitazama mpaka nikaingia ndani, na kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu, wakaniambia hawamkamati mtu kwa kutazama, basi nikaenda kusoma darasa la silaha, nikamaliza, nikaenda kuchagua bastola ya kubeba mkobani.

Dukani walinionyesha mbili za kampuni moja, ukiziweka mezani utadhani pacha. Moja ni fupi kwa upana wa kidole, nyepesi kidogo, ina swichi ya usalama ubavuni. Nyingine mpini wake unatosha vidole vyote na haina swichi. Mume wangu Delwyn anayo hiyo fupi, na wenzake wa kahawa pale duka la chakula cha mifugo walikuwa wameshakata shauri kabla sijatia mguu dukani, kwamba fupi ndiyo ya mwanamke, haitaonekana hata chini ya blauzi. Sikubishana nao. Nilizikodi zote mbili kwenye uwanja wa shabaha nikapiga risasi hamsini kwa kila moja, ile fupi ikaniruka mkononi kama ina ugomvi na mimi, na kwa baridi yabisi hii ya vidole sikuweza hata kuvuta sehemu yake ya juu ya kupakia risasi mpaka mwalimu akanisaidia, karatasi ya shabaha ikatoboka kila mahali isipokuwa katikati. Ile ndefu niliivuta mwenyewe, na matundu yake yote ungeyafunika kwa kisahani cha kikombe. Nikanunua ndefu, nikafanya nayo mazoezi kila Jumamosi kwa miezi miwili.

Sasa sikiliza, Bi Verna. Jumapili tuliyotimiza miaka thelathini na minne ya ndoa, kwenye chakula cha pamoja kanisani, Delwyn alisimama mbele ya mabakuli ya saladi ya viazi akanikabidhi kiboksi chenye utepe, nafungua nakuta bastola fupi kama yake, akasema sasa tumevaa sare, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi pia, Mungu anisamehe, ndipo akaninong'oneza kwamba ile yangu ameshaipeleka dukani kuibadilisha na hii.

Nikaibeba. Wiki tatu nimezunguka nayo bila kuipiga hata risasi moja, kwa hasira tu. Jumanne iliyopita saa nne asubuhi nimefika kwa Bi Ottilie, mteja wangu wa miaka themanini na minne, nashuka garini, pikapu nyeupe ikaingia nyuma yangu mpaka uani, yule mwanamume akateremka akaja kwa miguu akiniuliza, "Wewe huwa husalimii watu?" Nikatumbukiza mkono mkobani nikaishika, na mkono wangu haukuijua. Kidole cha mwisho kinaelea hewani, kidole gumba kinatafuta swichi, naipata sikumbuki inashushwa au inapandishwa, nikasimama pale kama gogo. Kilichoniokoa ni Bi Ottilie, aliyetoka barazani akijikongoja na kitembezi chake, simu sikioni, akimsomea mtu wa sherifu namba ya gari kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mwanamume akarudi kwenye pikapu akaondoka.

Nilipomweleza Delwyn hakunipa hata pole. Akasema, "Bastola ni zilezile, mama. Mwenye kasoro ni wewe, hufanyi mazoezi."

Nifanyeje? Alipasuliwa moyo mwaka jana, daktari kasema asiudhiwe, kanisa zima linaniuliza kuhusu zawadi yangu, nikiirudisha nitaonekana sina shukrani, nikiendelea kuibeba naona itaniua.

Mimi,
Mwenye Vidole Vibovu, mashariki mwa Oklahoma

BI VERNA ANAJIBU

Nitakugombeza wewe kwanza, dada yangu, halafu nitamgeukia anayestahili.

Wiki tatu umeingia kwenye nyumba za wazee wasiojiweza na silaha ambayo hujawahi kuipiga, eti kwa sababu umenuna. Kununa tunanunia chai, tunanunia simu, hatununii na bastola mkobani. Swichi hujui inakwenda juu au chini, na bado umeibeba. Ukimaliza kusoma hapa itoe, uifungie kabatini, na usibebe yoyote mpaka uwe na ile uliyoizoea.

Hapo nimemaliza na wewe. Kwa yaliyobaki nimekasirika kwa niaba yako, na sijui kwa nini wewe mwenyewe unaogopa kukasirika. Ulifanya kila kitu sawasawa. Ulisoma, ulikodi, ulijaribu, ulichagua kwa mkono wako na karatasi ikakupa jibu. Halafu mtu akachukua mali yako kimyakimya, akaibadilisha, akakufunga mdomo kwa makofi ya waumini. Hebu wewe ungechukua bunduki yake ya kuwindia kulungu ukaibadilisha kwa nyingine fupi ya kufanana na yako, angekuambia asante? Angekuwa kwa mchungaji kabla ya chakula cha mchana.

Na hili la kitu kidogo kuwa cha mwanamke nimelichoka. Bastola ikipungua ukubwa na uzito inaruka zaidi mkononi na inakuwa ngumu zaidi kuvuta. Wanaume hawa wa kahawa wanalijua hilo vizuri sana. Hawakufikiria vidole vyako, walifikiria blauzi yako.

Kuhusu moyo wa Delwyn, moyo huo uliweza kwenda dukani kupatana na muuzaji na kusimama kanisani kutoa hotuba. Neno "hapana" moyo huohuo utalimudu. Mwambie akiwa ameketi.

Kesho asubuhi nenda kwa sherifu na Bi Ottilie, ile namba ya gari na tarehe za kila alipokufuata. Sasa si suala la kutazama tu, ameingia kwenye ua wa mtu. Ukitoka hapo nenda mahakamani ukaombe amri ya kumzuia asikukaribie. Mwajiri wako aambiwe leo, akupangie mwenzako wa kwenda naye. Kisha rudi dukani, ukikuta ile yako bado ipo ichukue, kama haipo nunua ya aina ileile, na ufunguo wa kabati utakamoifungia uwe kwako peke yako. Huko kanisani wakikuuliza, waambie haikukutosha mkononi umebadilisha, uwapitishie saladi.

Na wewe Delwyn, usijifiche nyuma ya gazeti, najua unalisoma kabla yake. Mkeo alisimama uani na mkono ndani ya mkoba, na alichokishika ni uamuzi wako. Ulipaswa kumshika bega umuulize kama ameumia, ukamwambia ana kasoro. Nakupa njia mbili. Ya kwanza, mpeleke dukani mwenyewe, umrudishie alichokichagua, na wenzako wakicheka useme ulikosea. Kama hilo ni zito kwako, basi uwe unamsindikiza wewe, kila nyumba, kila asubuhi, ukae garini macho barabarani mpaka amemwogesha mzee wa mwisho. Chagua moja, maana Jumatatu anarudi kazini.