Nafasi ya Ngamia Mwenye Mzigo

Bula Iftin,
Garissa.
10 Februari 2025

Arbia, Haji Siyad amepanda baiskeli. Haji Siyad mwenyewe, yule wa maboza, malori ya tangi ya maji, mwenye ndevu nyekundu za hina, kutoka mwisho wa daraja mpaka njia panda ya soko, saa moja ya asubuhi, mji mzima ukitazama. Na aliyempandisha ni Muslimo wangu.

Sasa nirudi nyuma nisalimie kama mtu aliyelelewa. Mpendwa mdogo wangu, asalaam aleikum. Hujambo wewe, na nyumba yako yote hapo Tanga? Mgongo wa shemeji Shariff umepoa? Huku tuko salama. Presha yangu imeshuka, mbuzi wapo, mvua ndiyo bado, lakini hatumlaumu Mwenyezi Mungu.

Ningekupigia simu, ila wewe husikilizi, unakatiza, halafu salio linaisha katikati ya jambo tamu. Naandika kwa Kiswahili changu cha darasa la nne na cha ngumbaru, kwa sababu wanao Kisomali wanakielewa nusu nusu. Nataka binti yako Ubah awasomee wote kwa sauti, hasa pale ninapomsifu binamu yao. Ubah mwanangu, usiruke mstari.

Kazi ya Muslimo ni chumba cha plasta hospitalini. Mtu akivunjika, yeye ndiye anayemnyoosha na kumfunga. Nimekwisha kukueleza mara nyingi na nitakueleza tena. Lakini kuna jambo alilolianza mwaka juzi ambalo hata mimi sikulijua. Mwendesha baiskeli akiletwa kwake, akishamfunga, anamwuliza, umegongewa wapi? Halafu anachukua kalamu ya wino mzito na kuandika pale pale juu ya plasta: Daraja. Kona ya Msikiti. Lango la Soko. Wamama wa wodini walidhani ni dua, wakawa wanaomba na wao waandikiwe.

Tarehe tisa Desemba akaandika ya kwake mwenyewe.

Uliambiwa amevunjika mkono, hukuambiwa yote, maana nilikuwa nalia. Alikuwa anakwenda kazini na baiskeli yake, buibui limebanwa kwa pini kama ulivyomfundisha wewe, akiwa ukingoni kabisa pale lami inapokatika na mchanga kuanza. Boza la Haji Siyad likampita karibu mno. Kioo cha ubavuni kikampiga bega, akaangukia mkono wa kushoto, ukavunjika mara mbili. Dereva, Bishar, alisimama, sitamsingizia. Alimbeba mpaka hospitalini akilia kuliko yeye. Muslimo akamwelekeza msaidizi wake jinsi ya kumfunga, kisha akaomba kalamu. Daraja.

Siku ya nne Haji Siyad na wazee wa upande wake wakaja na haal. Ubah, waeleze wadogo zako. Haal ni mifugo ambayo aliyekosa humletea aliyekosewa, na ikishapokelewa jambo limekwisha. Halisemwi tena sokoni wala msikitini, na atakayelitaja ndiye mwenye kosa jipya. Ndivyo watu wetu wanavyoishi pamoja bila kumalizana.

Walileta ngamia jike mwenye maziwa, na mbuzi wa kuongezea. Ngamia yule, Arbia, kope zake kama za bibi harusi. Sitakuficha, nilipomwona nyuma ya ua nilikwenda kukifukiza moshi chombo cha maziwa kabla wazee hawajamaliza chai.

Muslimo akamwita pembeni Kerrow, ndugu wa marehemu baba yake, ambaye ndiye msemaji wetu. Akamwambia hapokei.

"Unataka nyumba mbili zigombane kwa ajili ya baiskeli?" Kerrow akamwuliza.

"Adeer, nikipokea itabidi ninyamaze. Na mimi nina watu kumi na mmoja wa kuwasemea."

Nilimfinya. Mkono ule mzima, usiogope. Unajua mwenyewe kurudisha haal ni kuwamwagia wazee mchanga kwenye chai yao. Watu wameacha kuzikana kwa jambo dogo kuliko hilo. Kerrow aliporudi mkekani shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Basi lango likafunguliwa, wakaingia hao kumi na mmoja, wagonjwa wake aliokuwa amewaita. Walikuwamo wauza maji, wale wanaobeba mitungi mitatu mitatu kwenye keria, na mlinzi wa shule, na mwalimu mmoja kijana, na fundi cherehani. Wengine kwa magongo, wengine wameshikiliwa. Walijipanga kando ya ua, na mzee mmoja mwenye miwani katika wale waliokuja na haal akainama, akaanza kusoma miguu ya watu kama anayesoma barua. "Daraja. Daraja. Kona ya Msikiti. Daraja. Lango la Soko. Daraja." Alipofika mwisho akausoma na mkono wa mwanangu. "Daraja," akasema, akavua miwani.

Dada yako nimeishi mji huu miaka hamsini na moja. Barabara ile nimeipita nikienda kununua nyama na kwenda arusini. Sikujua kumbe imeandikwa miilini mwa watu, na kwamba mwandishi wake analala chumba cha pili nyumbani kwangu.

Haji Siyad akauliza, "Sasa binti anataka nini? Ngamia wawili?"

Muslimo hakusubiri kusemewa. Alijibu kutoka mlangoni. "Haji, dereva wako akiona ngamia barabarani anafanya nini?"

"Anapunguza mwendo. Anampisha mbali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ngamia ana mwenyewe."

"Na sisi?"

Haji Siyad akashika ndevu zake. Halafu Muslimo akasema, taratibu, kama anavyosema na mgonjwa: "Chukua baiskeli yangu, fundi ameshainyoosha. Pita kutoka darajani mpaka soko, saa moja asubuhi, siku ya kazi. Ukifika, niambie wewe mwenyewe haal inayonitosha ni ipi. Utakachosema nitakipokea."

Nikaona sasa tumekwisha. Amempa mtu kisu na kumwonyesha shingo. Mzee angeweza kupanda, akashuka, akasema haal yako ni ngamia yule yule, nasi tungenyamaza milele.

Mmoja wao akamtania, "Waryaa, Haji na umri huu akazungushe miguu hewani?" Haji Siyad naye ana kiburi, kama mimi. Akasema, "Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi kule Bute kabla hamjaota meno. Nilipeleka barua kwa baiskeli mpaka malishoni. Baiskeli ni baiskeli."

Jumatatu iliyofuata akaja darajani, kikoi amekifunga kwa kamba. Wauza maji walikuwa wamejaa. "Haji, kengele iko kulia," mmoja akamwambia, "breki tumeiachia rehema ya Mungu." Akacheka, akaondoka. Mimi, Muslimo na Kerrow tukamfuata nyuma kwa tuktuk.

Mwanzoni alikuwa anapunga mkono kama mheshimiwa wa kura. Likapita lori la makaa, mkono ukarudi kwenye usukani. Likapita basi la Masalani likipiga honi, mabega yakapanda mpaka masikioni. Kisha pale lami inapokatika likaja boza la maji kutoka nyuma. La kwake. Jina lake limeandikwa mlangoni kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya mto. Dereva, mwingine si Bishar, akashikilia honi, akatoa kichwa: "We mzee, ondoa mifupa yako barabarani!" Haji Siyad akaingia mchangani. Hakuanguka. Boza likapita, vumbi likamfunika.

Tulipomfikia alikuwa amesimama, mguu mmoja chini, na vidole vimeganda kwenye usukani havifunguki. Muslimo akavikunjua kimoja kimoja kwa mkono wake mzima. Hakuna aliyecheka. Hata wauza maji, ambao hucheka mpaka matangani.

Haji Siyad akatazama barabara kule boza lilikokwenda. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Huyo ndiye dereva wangu bora."

Nilidhani ataomba tuktuk. Akapanda tena. Na wauza maji, bila mtu kuwaambia, wakapanda za kwao wakamzunguka, mbele, nyuma na ubavuni. Walinzi waliokuwa wanatoka zamu wakaingia, na wanafunzi, na karani mmoja mwenye tai. Magari yakapunguza mwendo, maana hayakuwa na jinsi. Na ile barabara yetu, ambayo tangu niolewe sijawahi kuisikia kimya mchana, ikanyamaza. Nilisikia minyororo ya baiskeli ikizunguka. Minyororo tu, kama tasbihi nyingi zinavutwa pamoja. Nilishika mkono wa Kerrow bila kujua, naye bila kujua akauacha.

Sokoni akashuka, akamwambia Muslimo mbele ya watu: "Haal yako ni njia. Njia yenu peke yenu, mbali na matairi yangu."

Muslimo akamjibu, "Nimeipokea. Lakini neno la kuridhika nitalisema njia ikifika hapa tuliposimama. Kabla ya hapo sijalisema." Ngamia akarudi kwao jioni ile. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona.

Na mzee ametimiza. Ofisi ya barabara ikatoa kibali na mtambo wa kushindilia, yeye akatoa malori na moramu, ule udongo mwekundu wa kujengea barabara. Sasa sikia hili ambalo bado linanitoa machozi. Ili moramu ishikane lazima imwagiwe maji. Maboza yale yale yakaja, yakafungua mabomba, maji ya kuuzwa, katika kiangazi hiki, yakamwagwa chini ili maskini wa baiskeli apite. Wauza maji walisimama kando wamevua kofia.

Madereva nao wamewekewa sharti, nao wameapa: baiskeli ipishwe nafasi ya ngamia mwenye mzigo, mikeka na miti ya hema imetokeza pande zote mbili. Hakuna aliyehitaji kupimiwa. Mtoto wa huku anaijua nafasi hiyo kabla hajajua kuhesabu. Plasta ya Muslimo ilipokatwa, Haji Siyad aliiomba. Ameitundika ofisini kwake, juu ya msumari wa funguo. Dereva akitaka ufunguo lazima mkono wake upite kwenye neno Daraja. Bishar ndiye anayeifuta vumbi.

Njia imebaki kama hatua mia mbili kufika. Na hii ni wiki ya tano Muslimo hajaandika Daraja kwenye mwili wa mtu. Jana alirudi kutoka kazini mapema akalala mchana. Nilimchungulia mara tatu. Yule niliyemzaa mimi, Istahil, wa darasa la nne.

Sasa jambo letu, mimi na wewe. Alipokuja kwako likizo akiwa na miaka kumi na mitano, ukamfundisha baiskeli pamoja na wamama wenu wa Tanga wanaopanda na buibui zao bila wasiwasi, nilikununia miezi minne. Nilisema umenirudishia binti mwenye magurudumu. Ulikuwa sahihi. Nimeliandika mara moja, usinitake niliandike tena, na Ubah asilisome mara mbili.

Muslimo anasema neno la kuridhika halitamtoka mpaka aliyemfundisha kushika breki awe amesimama pale. Wazee wamekubali, Kerrow anasema hayo ndiyo masharti madogo kuliko yote aliyowahi kupewa na mtoto huyu. Kwa hiyo Arbia, ndugu yangu, usipokuja haal haifungwi, na nyumba mbili zitabaki zimening'inia kwa ajili yako. Mimi siku hiyo nitakaa kwenye keria nyuma ya Muslimo. Tumejaribu uani. Imelia, lakini imenibeba.

Barua hii anakuletea Abkul wa duka la vitambaa, anashuka Mombasa kisha Tanga. Mpe chai, umrudishe na jibu. Nisalimie shemeji Shariff, Ubah na wadogo zake, na mama mkwe wako umbusu mkono kwa niaba yangu. Kerrow anakusalimu, na Muslimo anasema uje na pini za buibui, za huku hazishiki. Mwenyezi Mungu awaweke upande salama wa kila barabara, awafikishe na awarudishe.

Wazee, madereva, wauza maji na wale kumi na mmoja, ambao wanane kati yao sasa wanatembea bila gongo, wote wamepewa siku moja, na yako ni hiyo hiyo: Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Februari, saa moja asubuhi, mwisho wa daraja upande wa mji, tuifuate njia mpaka sokoni.

Mimi dada yako, niliyekupenda hata nilipokununia,
Istahil