Mjomba wa Kwenye Simu

Bariadi, Simiyu

Dada yangu Hyasinta,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na mgongo wake? Na kahawa, mmeshamaliza kuchuma au bado mnapambana na ukungu wa Mbinga? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala kiasi. Huku ukungu hakuna, ni vumbi na malori ya pamba. Ila moyoni sina raha, na kwenye simu kila mara nimeshindwa kukueleza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi yangu unaijua, naangalia kompyuta za hospitali. Wewe hunitania kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nikafute vumbi mashine za watu. Basi wakubwa wangu hawako mbali na wewe. Kwao kompyuta ikishawekewa antivirasi imezindikwa kama boma la ng'ombe, mchawi hapiti. Niliwahi kuwaomba diski ya pili ya kutunzia nakala za mafaili ya wagonjwa, iwe inafungiwa kabatini, mbali na mashine. Mwenyekiti wa kamati ya hospitali akaniuliza, sasa antivirasi tuliyonunua kazi yake nini? Nikaeleza mpaka koo likakauka.

Hapa mapokezi tulikuwa na mama mmoja, Kabula, mjane mwenye watoto watatu, mzaliwa wa Nyalikungu kule Maswa. Ndiye aliyenifundisha kuitikia "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, bila kuchekwa. Asubuhi moja simu ya mezani ililia, mwanamume akamsalimia kwa Kisukuma, taratibu, kwa heshima zote. Salamu za huku hazina haraka, dada. Watu huulizana walivyoamka, mvua, mifugo, kisha wewe ni mtoto wa nani na wa ukoo gani. Kabula akautaja ukoo wa mama yake. Yule mtu akasema, kumbe, ndio wangu. Hapo hapo akawa mjomba, na mjomba hakatiwi simu.

Mjomba akasema anafanya kazi kwenye kampuni ya antivirasi, na kwamba yetu inakaribia kuisha muda, hivyo Kabula amsaidie kidogo aihuishe akiwa hukohuko aliko. Akamwelekeza apakue programu ya kumwezesha mtu kuingia kwenye kompyuta akiwa mbali. Ni programu halali, hata mimi huitumia, kwa hiyo antivirasi ilikaa kimya. Kioo kikauliza kama mgeni aruhusiwe. Kabula akabonyeza ndiyo, kama ambavyo angemfungulia mlango mjomba yeyote. Mgeni alipoingia aliizima antivirasi yenyewe, akafanya alichotaka. Niliporudi kutoka maabara, mafaili yote yalikuwa yamefungwa na kioo kimejaa maneno ya kudai fedha. Diski yetu pekee ya akiba ilikuwa imechomekwa humohumo, nayo ikaenda na maji.

Kesho yake ilikuwa kliniki ya presha na sukari. Watu wametoka Mwandoya, wengine Lingeka, wamekaa kwenye mabenchi tangu alfajiri. Daktari anauliza walikuwa wakitumia dawa gani, wanajibu vidonge vidogo vyeupe. Dada, karibu vyote ni vidogo na ni vyeupe. Kwa mzee mmoja wa Lingeka ikabidi daktari akisie. Kabla wiki haijaisha mzee aliletwa tena, mdomo umepinda, mkono mmoja haufanyi kazi. Mkewe hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu kama ile mashine imeshapona.

Kamati ilipoitisha kikao, Kabula alinifuata karibu na tangi la maji akaniomba niseme antivirasi ilikuwa mbovu. Nilitaka sana kusema hivyo. Lakini nilijua wangenunua nyingine ya bei kubwa, wangelala usingizi, na simu ingelia tena. Nikasema ukweli. Nikasema mwizi hakuvunja, alikaribishwa, na yeyote kati yetu angemkaribisha, hata mwenyekiti. Nikaomba watu wafundishwe, nakala zitunzwe pembeni, na huyu mama asiguswe. Katika yote hayo walisikia jina lake tu. Wamemfukuza. Antivirasi ya bei kubwa wameshanunua, na mwenyekiti ametutangazia kwamba sasa tuko salama. Diski tumeambiwa tusubiri bajeti ijayo.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinipa kiti, akaniletea maji ya kunywa. Kisha akasema, "Ungesema ni mashine, Odilo. Mashine haina watoto."

Naona aibu kupita mtaa ule. Nina hasira pia, na sijui nimpelekee nani, maana yule mjomba hana sura. Wewe ni mkubwa wangu, niambie ungefanyaje.

Msalimie mama, umpake dawa mgongoni kila jioni hata akikataa. Msalimie shemeji na kahawa yake, baba mdogo mpiga kengele ya kanisa, na bibi wa ng'ambo ya mto anayeniombea nioe.

Kuna jambo moja zaidi, na hili usilichukulie kwa mzaha. Yule mgeni aliyanakili mafaili kabla ya kuyafunga, na humo yamo na ya wafanyakazi. Kwenye langu kuna jina la mama, kijiji chetu, na namba yako ya simu. Mtu akikupigia akisema ni mimi, au nimelazwa, au nimepata ajali, kata simu. Hata akikusalimia kwa Kimatengo, hata akimtaja marehemu baba, kata. Mfundishe na mama. Na ikiwa siku hiyo ni mimi kweli, naumwa kweli, mkanikatia, sitawalaumu.

Mdogo wako akupendaye,
Odilo