Somo la Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu, 5 Januari

Mhariri kanipa kazi nyepesi, anavyodai. Kipindi cha Saa Kumi kinatimiza miaka thelathini na mitano. Jumamosi Dada yangu, mtangazaji wake, anapewa tuzo. Kurasa mbili, picha kubwa, watoto wa wakati ule waeleze walijifunza nini mbele ya runinga.

“Wewe ndiye mdogo wake, shangazi. Nani mwingine?”

Nikamwambia hiyo ndiyo sababu ya kumpa mtu mwingine. Akacheka. Ana miaka thelathini na sita. Alijua kusoma kabla hajavaa sare ya shule, kwa sauti ya Dada. Anasema yeye angeandika huku analia. Anataka mtu asiyelia.

Nimeanza na fundi viatu aliye mlangoni pa ofisi. Huyu hakukanyaga darasa. Alikuwa anasimama nje ya dirisha la jirani mwenye runinga, kila siku saa kumi kamili. Dirisha lilikuwa la ubavuni, kwa hiyo herufi zote alizijua kwa upande. Mpaka leo akisoma huinamisha kichwa. Nilidhani anatania. Nikampa gazeti – akainamisha kichwa, akasoma sentensi tatu bila kukwama.

Halafu akaimba ule wimbo wa kipindi, wa nyoka. Akachukua ugwe wa kiatu, akajifunga chini ya goti kuonyesha.

*Nyoka kakuuma, usikimbie,*
*Kitambaa juu uzungushie,*
*Kaza, kaza, ganzi iingie,*
*Bila daktari usifungulie.*

Maneno ni yangu. Mwaka wa nne wa kipindi Dada alipungukiwa wimbo, nami nilikuwa ripota mgeni mwenye jioni nyingi zisizo na kazi. Niliyatoa kwenye kijitabu cha zamani cha huduma ya kwanza, mezani kwake, chini ya nusu saa. Sikumwambia fundi. Nilifurahi, nakiri.

Jumanne, 6 Januari

Watu kumi na wawili leo, wote kati ya miaka thelathini na tano na arobaini na tano. Mhasibu, dereva wa lori, mshonaji, karani wa mahakama, wengineo. Nilimwuliza kila mmoja: unakumbuka nini? Kuhesabu kwa vizibo vya chupa. Jinsi maji yanavyogeuka mvuke. Karani alisema alijua kuna sayari nyingine kabla ya kujua kuna mtaa wa pili. Mshonaji alisema baba yao alikuwa hasemi na watoto, ila saa kumi alikaa nao na kujibu maswali ya Dada kwa sauti. Ndiyo mazungumzo pekee waliyopata kwake.

Kumi na mmoja waliimba nyoka. Sikuwaomba. Na mikono yao ilifunga yenyewe.

Asiyeimba ni muuguzi niliyemkuta kwenye foleni ya duka la dawa. Alinitazama kama nimemtukana. “Wewe ni wa gazeti? Njoo kesho wodi ya watoto, kitanda cha nne. Ukitoka, uniambie kama nitaimba.”

Jumatano, 7 Januari

Kitanda cha nne. Binti wa miaka tisa. Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti, siku ya kumi leo. Anachora. Shuka limetandazwa tambarare pale ambapo mguu ungekuwa, na penseli zake kazipanga hapo hapo.

Baba yake ni fundi wa friji, miaka arobaini na moja. Alizungumza nami akiwa amesimama. Mtoto alikuwa anacheza nyuma ya karakana, kwenye friji mbovu. Nyoka akamwuma kifundoni. Baba akamwua nyoka kwa spana, akamtia kwenye kopo la maziwa – kwa sababu Bi Saa Kumi alifundisha, mpelekee daktari nyoka mwenyewe. Akachana shati lake. Akafunga. Akakaza.

“Nilikaza sawasawa, mama. Si unajua, mpaka ganzi iingie. Alilia kwamba mguu umekufa, nikajua nimepatia.”

Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na daktari. Muuguzi wa pale alitaka kukata kitambaa. Baba akakataa, akamshika mkono. *Bila daktari usifungulie.* Gari la kuwaleta hapa liliharibika njiani. Saa saba jumla. Nimeziandika: kuanzia saa sita na robo mchana hadi saa moja na dakika ishirini jioni.

Nikamwambia mimi ni mdogo wake Bi Saa Kumi. Ilikuwa haki ajue. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Mwambie nilikumbuka kila neno. Mguu umekwenda, lakini mtoto ninaye. Mwambie yeye ndiye aliyeniokolea mtoto.”

Binti akasema bila kuinua kichwa, “Baba, umeshamwambia kila mtu.”

Daktari alinipeleka ofisini na kufunga mlango. Kopo lilikuwa juu ya kabati. Alishampelekea mtaalamu wa nyoka amtazame. Nyoka wa nyumbani, anakula panya. Hana sumu. Hana hata kidogo.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Mguu haukuuawa na nyoka. Uliuawa na kitambaa.

“Wangeuosha kwa sabuni, jioni angekuwa anaruka kamba. Na hata angekuwa nyoka mwenye sumu, hatufungi hivyo. Tulishaacha.” Baba hajaambiwa. Daktari anasema kila asubuhi huingia wodini akiwa na maneno tayari, kisha yule baba humshukuru. “Na mimi niliimba, shangazi. Nikiwa chuoni ilibidi niutoe kichwani kwa nguvu. Bado haujatoka wote.”

Nikarudi ofisini kwa miguu. Dakika arobaini. Nimeandika maelezo yote kwa mpangilio. Mwandiko wangu ni ule ule.

Alhamisi, 8 Januari

Swali la kwanza la kazi: je, somo bado linafundishwa?

Linafundishwa. Miaka miwili iliyopita vipindi vyote mia nne vilihamishiwa kwenye kompyuta za shule. Afisa wa mitaala alinifungulia kwenye mashine yake. Somo la mia na kumi na mbili. Dada ana miaka thelathini na saba, gauni la maua, kitambaa mkononi. Picha wameisafisha – inang’aa kuliko tulivyoiona wakati ule. Chini yake kuna hesabu: ni somo la pili kwa kufunguliwa mara nyingi katika yote mia nne. Watoto wanapenda kufungana miguu.

Nikamweleza afisa kuhusu kitanda cha nne. Si mtu mbaya. Akavua miwani, akaifuta. Kisha akasema kamati ya kubadilisha masomo inakaa Aprili.

“Aprili?”

“Mama, mimi nikilitoa peke yangu, naulizwa nimelitoa kwa idhini ya nani.” Akafikiri. “Ila mwenye kipindi akiandika barua kwamba somo lake lina kosa, nalitoa saa hiyo hiyo. Kanuni inaruhusu. Sahihi yake tu.”

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Na somo hili limepangwa wiki ya kwanza ya muhula, usalama wa mtoto nyumbani.

Ijumaa, 9 Januari

Nilikwenda kwa Dada asubuhi. Nilikuwa nimemwandikia barua tayari, mistari minne, pa kutia sahihi pamebaki wazi. Nilimkuta anajaribu gauni la kesho, pini mdomoni.

“Mdogo wangu, nimenenepa au gauni limekonda?”

Nikamwambia yote. Alinisikiliza amesimama mbele ya kioo. Hakuniuliza kama nina hakika. Hilo lilinishtua kuliko jibu lolote.

Akasema: masomo mia nne. Watu wasiohesabika walijua kusoma kwa mdomo wake. Somo moja! Na lilitoka kwenye kijitabu kilichochapwa na wataalamu. Wataalamu wakabadili mawazo, hawakuja kumpigia hodi.

Nikamwambia anachosema ni kweli, na sahihi bado inahitajika.

“Jumatatu.”

“Jumatatu watoto wako darasani, Dada.”

“Basi unataka kesho nipande jukwaani niseme nini? Asanteni kwa tuzo, nimekata mguu?” Halafu akanigeukia. “Na yule baba? Anaamini aliokoa mwanawe. Ukiandika, utakuwa umemwambia kwamba aliukata kwa mikono yake. Utampa nini badala yake? Wewe na daftari lako.”

Nikaiweka barua yangu mezani.

Akaingia chumbani. Nikasikia anavuta sanduku. Lile la barua za watoto – alikuwa akizipata kwa magunia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kujibu. Miaka mitatu, kila Jumapili: naitoa barua, naandika “Asante sana, tunafurahi unatutazama, endelea kusoma kwa bidii”, nagonga muhuri IMEJIBIWA, natia herufi zangu mbili pembeni. Nilikuwa na kasi. Barua arobaini kwa saa.

Akarudi na moja. Haikuwa ya mtoto. Mkunga wa kituo cha afya, mwandiko wa mlazo, kurasa mbili. Anasema kwa heshima kwamba kufunga mguu hivyo kunaua nyama, ameona wawili, tafadhali somo lirekebishwe kabla watoto hawajalizoea. Tarehe: wiki tatu baada ya somo kurushwa.

Muhuri. IMEJIBIWA. Herufi zangu mbili.

“Nilimwambia asante na aendelee kusoma kwa bidii,” nikasema.

“Ndivyo ulivyomwambia.”

“Umeipata lini hii?”

“Nilipohama nyumba.” Alihama miaka sita iliyopita. Alikuwa nayo vipindi vilipopelekwa kwenye kompyuta. Alikwenda mwenyewe kukata utepe.

Mtu akagonga mlango kuleta maua ya kesho, Dada akamfungulia akitabasamu kama kwenye kamera, akamshukuru vizuri, akafunga. Kisha akachukua pini zake, akaendelea na gauni.

Barua yangu ya mistari minne niliiacha mezani, na kalamu juu yake. Ya mkunga nimeichukua. Hakunizuia.

Jumamosi, 10 Januari

Makala imetoka. Nilipeleka maneno elfu moja na mia sita. Yametoka mia tisa. Fundi viatu yumo, mshonaji na baba yake wamo. Kitanda cha nne hakipo. Mkunga hayupo, mimi simo. Mhariri anasema ni nzito, wanasheria waipitie, wiki ijayo. Anasema, “Si leo, shangazi. Leo ni siku yake.” Macho yalikuwa mekundu. Kweli analia.

Dada alipokea tuzo. Ukumbi mzima, watu wazima wenye tai, uliimba. Ule wa vizibo kwanza. Halafu wa nyoka. Nilikuwa nikimtazama mdomo. Hakuimba. Alitingisha kichwa kufuata mdundo.

Barua haijatiwa sahihi. Nilimwuliza kwenye ngazi. “Leo?” akasema, kama nimemwomba aende kununua mchele.

Jumapili, 11 Januari

Wodini, saa za kuona wagonjwa. Daktari alikuwepo. Tulikubaliana aseme yeye, nami niwepo.

Alisema vizuri, taratibu, bila maneno ya kitaalamu. Baba alisikiliza akiwa ameshika chupa ya maji ya binti. Hakupiga kelele. Akauliza kama kopo bado lipo. Daktari akasema lipo. Akauliza kama ni kweli yeye mwenyewe alimsukuma yule muuguzi wa kituo, aliyetaka kukata kitambaa. Daktari hakujua. “Nilimsukuma,” baba akasema.

Kisha akanigeukia. “Ule wimbo aliutunga nani? Yeye?”

“Mimi.”

Nilisubiri anipige. Akafungua chupa, akampelekea mtoto maji. Sijaona mtu akimimina maji kwa uangalifu vile.

Nimempigia Dada kumwambia baba amejua. Hakupokea. Nimemwachia ujumbe: shule gani, saa ngapi, chumba gani.

Jumatatu, 12 Januari

Shule ya kwanza kwenye ratiba ya afisa. Naandika nimesimama ukumbini, nje ya chumba cha kompyuta, daftari ukutani.

Nilifika saa moja na nusu. Mwalimu mkuu alinipokea kwa chai na gazeti la Jumamosi. Nikamweleza, nikamwonyesha barua ya mkunga. Akaisoma yote. Akasema ni ya zamani mno. Akasema somo lina muhuri wa wizara na barua yangu ina muhuri wa… akaigeuza barua kuutazama vizuri. Sikumsaidia.

Saa mbili na dakika kumi. Watoto arobaini na wawili, kompyuta kumi na nne, watatu kwa kila mashine. Wameambiwa waje na vitambaa. Leso, mikanda ya sare, mmoja kaja na tai ya baba yake. Niliingia. Nikamwomba mwalimu aruke somo. Akasema ratiba inajiendesha yenyewe kutoka makao makuu. Nikapiga magoti kumfungua binti wa mstari wa mbele aliyekwishafungwa. “Mwalimu! Huyu bibi ananifungua, na yeye si daktari!” Darasa zima likacheka. Nikatolewa, kwa adabu, mwalimu akinishika kiwiko.

Saa mbili na dakika kumi na saba. Teksi imeingia getini. Dada. Gauni la Jumamosi, fimbo, mkoba kwapani. Watoto wa dirishani wamemwona. Wanamnyooshea kidole kwenye kioo cha kompyuta, halafu wanamnyooshea kidole uani. Kelele. Mwalimu mkuu anakimbia, mikono imetangulia. “Bi Saa Kumi! Leo darasani kwetu!” Anamwomba aingie awaimbishe.

Amenipita hapa ukumbini. Nikamwuliza kama ametia sahihi. Amenigusa bega tu. Mkoba umefungwa, sikuona kilichomo.

Kaingia. Makofi. Mlango umefungwa.

Nasikia sauti mbili za Dada. Ya zamani, kutoka spika kumi na nne, inasema kaza, kaza. Ya sasa imeanza kusema kitu chini yake. Watoto wanaimba kwa nguvu, siisikii. Kuna anayelia – sijui ni mtoto, sijui ni Dada.