Kichwa Kipya cha Helikopta ya Baba

Chumba cha juu ya karakana,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Baridi imepungua? Na ule mgongo unaokusumbua ukiamka, umetulia? Sisi huku ni wazima, ila si wote kwa kiwango kimoja, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, tungegombana, na kwa sasa nimechoka kugombana, mikono yenyewe imevimba.

Kwanza usishtuke. Baba yu hai. Mumeo naye yu hai, ingawa mdomo wake umekaa upande na jino moja la mbele halipo. Jino hilo nilimng'oa mimi. Endelea kusoma, usiitupe karatasi.

Kile kichwa cha rota ulichotuma, kile kitovu kinachoshika mapanga ya juu, kilifika salama. Unaikumbuka helikopta ya Baba, ile kubwa ya rimoti ambayo kila panga lake ni refu kama mkono wa mtu mzima. Kichwa cha zamani kilikuwa cha plastiki, na ufito wa kusawazisha juu yake, kila mara kinalegea. Hiki chako ni chuma kitupu, hakina ufito, kazi hiyo inafanywa na kiboksi cha umeme. Baba alikishika mapajani kutwa nzima. Tangu astaafu kule kwenye ndege za kweli sijamwona akicheka vile. Yule mzee hana kitu kingine, Dada. Akiwa na helikopta yake ni fundi; asipokuwa nayo ni mtu wa kukaa kitini na kuuliza chakula kitaiva lini.

Sheria yake ya rangi za kucha unaijua: kila anayekaza bolti anaitia tone la rangi yake, ili ikilegea ijulikane nani wa kutukanwa. Nyeupe ni yake, buluu ya mumeo, nyekundu yangu. Safari hii mumeo ndiye aliyekifunga kile kichwa, lakini zile bolti mbili zinazoshika mapanga waligawana, yeye moja na Baba moja. Mimi nilipewa mkia, eti kwa sababu nina haraka.

Tukaitoa uwanjani nyuma ya karakana. Baba akashika rimoti, akaipandisha kasi ikiwa bado chini. Ikaanza kutetemeka. Mumeo akamwambia azime, lakini Baba hakuwahi. Panga moja likang'oka, na lililobaki likaitia mashine wazimu: ikajipiga chini, ikaukata mkia wake yenyewe, ikabingirika huku inatupa vyuma, betri ikashika moto. Lile lililong'oka lilipita kwenye mkono wa kushoto wa Baba, likatoboa mlango wa bati nyuma yake, likanasa humo. Nikaona mfupa. Mfupa wa baba yetu, mweupe, halafu damu ikaja ikaufunika.

Nilimfunga kwa aproni yangu ya kuchomelea, jirani mwenye pikapu akamkimbiza hospitali pamoja na Mama. Gari lilipokata kona tu nikamgeukia mumeo. Nikamwuliza, "Uliikaza, hukuikaza?" Akalitazama lile panga lililonasa mlangoni. Nikamshushia ngumi ya mdomo. Nikamkaba, nikambamiza kwenye mlango ule ule, nikampiga mpaka sikujua tena damu ya kwenye viatu vyangu ni yake au ya Baba. Mtu mwenye mabega kama yale, angetaka angenivunja kama kijiti cha kiberiti. Hakuinua hata kidole. Tulitenganishwa na mwuza mbao, kwa ndoo ya maji, kama mbwa.

Kesho yake nikaenda kufagia vyuma, bado namlaani. Bolti nikaikuta kwenye mchanga, chini ya mlango. Haikukatika, ilijifungua yenyewe. Kichwani ina tone jeupe. Nikazigusa nyuzi zake: mafuta.

Nilikaa chini pale pale. Baba hajawahi kukaza bolti maishani mwake bila kuipitishia kile kitambaa chake cha mafuta. Kwenye kichwa cha zamani haikudhuru, kulikuwa na nati za kujibana. Hiki kipya kinategemea gundi ya bolti, na gundi hiyo haishiki penye mafuta. Ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu.

Nikamfuata mumeo. Alimwona Baba akiipaka mafuta, akapanga kuifungua na kuirudia mzee akienda kula. Mzee hakwenda kula, hamu ilimshika, akataka iwashwe hapo hapo. Nikamwuliza mbona aliniacha nimpige bure. Akaniambia, kwa mdomo ule uliovimba, "Shemeji, ulitaka nimwambie mzee kwamba mkono wake ndio uliokata mkono wake?"

Nililia, Dada. Mimi huyu. Yeye ndiye aliyenipa leso, na leso yenyewe ina damu yake.

Mkono umeshonwa. Vidole viwili havijaanza kukunja, wanasema vitarudi polepole. Juzi Baba akaniuliza bolti ilikuwa ya rangi gani. Nilijua atauliza tu. Nilikuwa nayo mfukoni, nimeshaisugua na kuipaka upya. Nikamwekea kwenye kiganja cha mkono mzima.

"Nyekundu, Baba. Niliirudia mimi ulipokuwa unatafuta rimoti. Mikono yangu ilikuwa na mafuta."

Aliitazama sana. Kisha akanizaba kofi ambalo sikio hili linalia mpaka leo. Akanitukana kuanzia siku niliyozaliwa, akasema sitagusa tena kichwa cha helikopta yake. Jioni yake akamwomba Mama kalamu na karatasi. Anachora namna ya kushika rimoti kwa vidole vitatu. Kile kitambaa cha mafuta nimekichoma moto.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Shemeji yangu anakusalimu kwa upande wa mdomo unaofunguka, usimwulize kuhusu jino, mimi na yeye tumeshamalizana. Msalimie binamu yetu Mpole na mwambie mlango wa bati una dirisha sasa. Mungu akutulizie huo mgongo, akurudishe utukute wote.

Ombi langu ni moja. Baba atakupigia simu. Atakwambia mdogo wako nusura amuue kwa haraka zake. Usinitetee, Dada. Nitukane pamoja naye, tena kwa sauti, asikie.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na sikio moja,
Kiberiti