Gari Jekundu la Harusi ya Neema

Ijumaa, Kasulu

Hakuna mzee mwingine Kasulu aliyeunda gari la Kitaliano, lile la mbio la zamani, kwa mikono yake. Haya, nimeunda bodi tu, tena kwa kutazama picha kwenye simu. Chini yake ni gari dogo kuukuu lililokuwa likibeba kuku.

Leo nimelijaribu barabara ya Titye. Limenguruma, limekimbia, nikarudi kifua mbele. Neema, mjukuu wangu anayeolewa kesho, akauliza, "Sogokuru, litaweza mwendo wa akina mama?"

Nikaitazama boneti.

Ili boneti ilale chini kama kwenye picha, nilitoa feni ya rejeta. Gari likikimbia, upepo unaipoza. Lakini bibi harusi hapelekwi mbio. Akina mama wa kwaya hutangulia kwa miguu, wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, mpaka kanisani. Maji yatachemka njiani, mvuke umfunike Neema na shela lake, wakwe kutoka Muyama wakitazama.

Feni hairudi bila kukata boneti, na umeme umekatika tangu mchana. Naogopa. Na bado nilimjibu mtoto kwamba litaweza. Mdomo huu...

Alfajiri nitamgongea Mama Yusta, kiongozi wa kwaya. Ngoma yao ilipopasuka niliiwamba upya, nikilalamika kidogo tu, naye akasema, "Mzee, siku moja na wewe utaniomba kitu."

Basi, Mama Yusta, kesho imbeni ule wimbo wa haraka, tafadhali, na msirudi nyuma hata hatua moja.