Baraza Moja na Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1912
Vyungu sita tangu asubuhi. Viwili vimepasuka, udongo wa safari hii una mchanga. Mchana Mwalimu Asajile amefika hapa Ikombe kwa mtumbwi. Usharika utachagua wasaidizi wawili wa baraza la kanisa, na mara hii wanawake nasi tutapiga kura. Yeye anagombea. Anataka wasichana wasome darasani kama wavulana. Anataka pia mwanamke mmoja barazani.
"Nani?" nimeuliza.
"Wewe."
Nimecheka. Kisha nikaona hatanii.

Jumanne, 4 Juni
Nimekubali. Mume wangu Ambakisye hana neno, ila ameuliza jambo ambalo Mwalimu hakulifikiria. Baba yake ni mzee wa baraza, nami ni mkamwana wake. Kwa desturi yetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Tangu niolewe sijamwona uso. Nikisikia anakuja njiani, naingia migombani hadi apite. Jina lake silitaji, hata hapa siliandiki. Tutakaaje chumba kimoja? Sijui.

Alhamisi, 6 Juni
Naogopa. Afadhali nafinyanga.

Jumamosi, 8 Juni
Gulio la Matema. Nimebadilisha vyungu kwa mchele, na huku naomba kura. Wanawake wamenisikiliza kuliko nilivyotarajia. Mjane mmoja kasema kesi ya shamba lake iliamuliwa na wanaume watupu, na hakuna aliyemuuliza yeye neno. Lakini mwingine akasema kwa sauti, makusudi nisikie: "Huyu anataka kumvunjia heshima baba mkwe wake." Imeniuma, maana si uongo mtupu. Nusura nimwambie Mwalimu atafute mwingine.

Jumapili, 9 Juni
Kura baada ya ibada. Kila mgombea na chungu chake kilichofunikwa kitambaa, kila mtu na maharage mawili mkononi. Nimeshindwa kutazama. Nimekaa nje na wanawake wa Ikombe, wamenishika mikono.
Mwalimu amechaguliwa. Mimi pia!
Vigelegele. Nimelia. Baba mkwe alitoka kwa mlango wa pili kabla ya hesabu kwisha. Kwa hasira, au kwa kunipisha? Hilo limenitia kiwingu siku nzima.

Jumatano, 12 Juni
Mama mkwe amekuja na mkungu wa ndizi. Nilidhani ametumwa kuniambia niache. Akaketi, akanywa maji, ndipo akasema: "Mzee anasema watu wamekuchagua, basi uje. Atatundika mkeka katikati ya chumba. Wewe ukae upande wa mlango."
Nimeshukuru, ndaga, ndaga, hadi akanicheka.

Ijumaa, 14 Juni
Baraza la kwanza. Mkeka ulikuwa mpya, bado unanukia majani. Nilisimama kusema juu ya darasa la wasichana. Mzee mmoja akataka kunikatiza. Nyuma ya mkeka nikasikia:
"Mwacheni amalize."
Sijawahi kuisikia sauti yake karibu hivyo. Ni ya Ambakisye kabisa, ila inakwaruza kwa uzee.
Nikamaliza. Hakukubali yote. Nilitaka siku tano kwa wiki, yeye akasema mbili, tukaafikiana tatu. Wasichana wataanza mwezi ujao.
Jioni Ambakisye ameniuliza baba yake alisema nini. Nimemwambia. Ameyarudia maneno hayo polepole, mara mbili, kisha akaenda kuanika wavu wake.